Kisanduku cha Wilaya

Maombi ya uraia ya mama niliyekuwa nikimhudumia yalirudishwa mara ya tatu, na sababu ilikuwa ile ile: mahali alipozaliwa hapakulingana na karatasi zake nyingine. Cheti alichopewa uzeeni kilisema Osetia Kaskazini. Fomu aliyojaza alipoingia Kanada ilisema Ingushetia. Kijiji ni kimoja, hakijasogea hata hatua.

Ilikuwa mwaka 2009. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, na huyu alikuwa wangu wa asubuhi, siku nne kwa wiki, kwenye ghorofa moja la mtaa wa Thorncliffe Park, huku Kanada. Alikuwa na miaka sabini na ushee, Mwingushi kutoka milima ya Kaukazi, kusini mwa Urusi. Aliishi na bintiye, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mikate. Kiingereza alikiokota kwenye televisheni na kwangu mimi, kwa hiyo kilikuwa na lafudhi ya Bonde la Ufa.

Binti alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mama ofisi ya uhamiaji. Tulingoja saa mbili. Karani aliigonga fomu kwa kalamu.

"Chagua moja."

"Mimi nilizaliwa Ingush," mama akasema. "Halafu wakachukua. Wakapa wengine."

"Sawa, lakini leo kijiji kiko upande gani?"

"Leo kiko kwa wengine."

"Basi andika huko kwa wengine. Ni kisanduku tu, bibi."

Akacheka kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Mama akafunika kalamu aliyoishika, akaiweka mezani, akasimama.

Nilimkasirikia mama, sitadanganya. Asubuhi yangu nzima ilikuwa imepotea. Ndani ya basi nikamwambia, "Si ungeandika tu, mama? Ungeumia wapi?"

Tulipofika nyumbani alinionyesha kiti, akakataa niondoke mpaka bintiye arudi amtafsirie. Saa zangu za kazi zilikuwa zimekwisha. Nikakaa, nimenuna.

Alikuwa na miaka saba, akasema, askari wa serikali walipowatoa nyumbani wakati wa theluji, mwaka 1944. Si wao tu, taifa zima. Walipakiwa kwenye malori, kisha kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa Kazakhstan. Mdogo wake alikufa njiani na hawakupewa nafasi ya kumzika. Huku nyuma jamhuri yao ikafutwa kwenye ramani, wilaya yao ikakabidhiwa Osetia, vijiji vikabadilishwa majina, na Waosetia wakaletwa kukaa katika nyumba zilizoachwa na chakula mezani. Ilipita miaka kumi na mitatu ndipo wakaruhusiwa kurudi. Jamhuri ikarejeshwa. Wilaya yao haikurejeshwa.

"Babu alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe," binti akatafsiri. "Akafunguliwa na mwanamke wa Kiosetia."

"Wakapigana?"

Mama alitikisa kichwa. Mwanamke yule naye alikuwa ametolewa kwao kwa nguvu, ng'ambo ya milima, akaonyeshwa nyumba ile na kuambiwa ni yako, kaa. Sufuria ya shaba aliyoikuta jikoni alikuwa ameiweka vizuri miaka yote, akaitoa siku hiyo hiyo. Nyumba hakuweza kuitoa, hakuwa na pengine pa kwenda. Baba yake mama akaenda kufanya vibarua miaka kadhaa, kisha akainunua.

"Alinunua mlango alioupachika mwenyewe," binti akasema.

Ndani ya nyumba hiyo mama aliolewa na akazaa. Mwaka 1992, Urusi mpya haijakaa sawa, vita vikazuka juu ya wilaya ile ile, watu wa pande zote mbili wakauawa, na Waingushi wakafukuzwa wote ndani ya siku chache. Nyumba ikachomwa. Miaka baadaye serikali ikahesabu watu, na kwa hesabu hiyo ikaonekana wazi wilaya ni ya nani.

Hapo mama hakumngoja mtafsiri. Alinigeukia. "Kwanza wanafukuza," akasema, "halafu wanahesabu."

Nilitoka bila kuaga vizuri. Nilitembea mpaka nikakipita kituo cha basi, kwa sababu mwaka uliotangulia, baada ya uchaguzi wetu, nyumba ya mama yangu mzazi ilichomwa na majirani tuliopalilia nao mahindi. Wilaya yetu ilikuwa imekatwa mara mbili tangu nizaliwe. Kila mara wanasiasa walisema wanasogeza huduma karibu na wananchi, na kila mara tulijua inakatiwa nani. Mama alikaa miezi kadhaa kwenye hema, kisha akapanga chumba Nakuru. Kaka yangu alitaka shamba liuzwe kwa majirani wale wale. Mama alikataa. Na mimi, nimekaa mtaa wa Weston huku Kanada, kwenye chumba chenye joto la mitambo, nilikuwa nimempigia simu nikamwambia, "Mama, tia sahihi. Ni ardhi tu."

Wiki iliyofuata nilirudi na mama wa Kiingushi ofisini, nikadai kuonana na mkubwa wa karani. Nilipaza sauti. Mlinzi akasogea, nikazidisha. Mkubwa akaja, akasoma fomu akiwa amesimama.

"Sehemu hii ya wilaya au jimbo si ya lazima," akasema. "Mngeandika kijiji na nchi, mkaiacha wazi."

Mwaka mzima! Barua tatu! Hakuna aliyesema samahani. Karani aliinama kutafuta kitu kwenye droo na akaendelea kukitafuta mpaka tukaondoka.

Jioni nikampigia mama yangu. "Mama, usitie sahihi."

"Umechelewa. Nimetia Jumatatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikwisha kuniambia la kufanya."

Mama wa Kiingushi alipata uraia mwaka uliofuata. Nilihudhuria kiapo, nikakaa nyuma karibu na bintiye. Nikampigia makofi, na nilifurahi kwa ajili yake, lakini nilikuwa nikimfikiria mama yangu na shamba lake.

Kaunti zilipoanza nyumbani, kuchukua nafasi ya wilaya, kaka alinipigia akiwa amechangamka. "Unaona? Bora tuliuza mapema. Kaunti sasa ina wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wewe uko majuu, haya huyaelewi."

Nikakata simu. Mama ananiambia ni dhambi kumnunia ndugu wa tumbo moja, na kwamba yeye alishatusamehe sote wawili. Huu ni mwaka wa tatu sijampigia kaka.