Lori Lililovuta Kushoto

Enzi zetu gari la rimoti halikuwa kitu cha kumpa mtoto ili anyamaze, mama ashike simu yake. Lilikuwa kama ng'ombe wa maziwa. Mtaa mzima ulijua liko nyumba gani, linaumwa wapi, na leo limekula betri au limelala njaa. La kwetu, pale Sokon One, Arusha, lilikuwa lori la bluu, refu kama mkono wa mtoto, lenye matairi manene yaliyopauka. Krismasi iliyopita kaka yangu Gerald aliwasimulia watu wote mezani kwa wazazi jinsi alivyolitengeneza akiwa na miaka kumi na tatu. Wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nikakusanya sahani.

Kwa hiyo naandika jinsi ilivyokuwa. Nimetulia kabisa. Msidhani nimetulia kwa sababu yameisha.

Sisi ni wale tuliokuta foleni za sukari zimebaki hadithi za wazazi. Maduka yalikuwa yamejaa, kila mtu ameanza biashara, na mama yetu aliacha cherehani akaingia kwenye mitumba. Robota likifunguliwa sebuleni, harufu ya sabuni za watu tusiowajua na dawa ya nondo ilifika mpaka kwenye maharage jikoni. Siku moja likafunguliwa robota la vitu vya watoto. Katikati ya sweta na wanasesere wasio na macho likatoka lori, rimoti imefungwa tumboni kwa utepe. Kwao walilitupa. Kwetu lilipewa mahali pa kulala, juu ya kabati, likafunikwa kwa kitambaa cha kufuma.

Mnakumbuka Julai ya Arusha, ukitoka nje asubuhi moshi unatoka mdomoni na Meru haionekani mpaka saa nne? Tulikwenda shule na ndoo ya maji mkono mmoja, ufagio mkono mwingine, magoti yamepauka. Tukirudi, tunapanda juu ya banda la kuku kuanika betri kwenye bati. Betri ikipata jua inafufuka, hilo kila mtoto alilijua, hakuna aliyefundishwa. Watoto wa mtaa walikaa mstarini kwenye ukuta wakisubiri zipate moto. Zamu ya kushika rimoti ilikuwa ndefu kwa wavulana. Wasichana tulipewa kazi ya kulifuata lori likianguka mtaroni. Nililiinua mara nyingi kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana tumbo lake nililijua.

Baba alikuwa fundi wa malori. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye udongo mweusi kwa oili, uzio wa mabati, na geti. Mimi nilimpelekea chakula cha mchana kwenye hotpoti, na nilikomea getini. "Weka hapo, Manka, nakuja." Basi nilisimama hapo kila siku ya likizo, nikisikiliza. Baba alikuwa na misemo yake kwa vijana wa kazi, na niliibeba yote nyumbani. "Gari halivuti upande bila sababu." "Tikisa kabla hujafungua." Na ule wa kukaza nati: "Kaza mpaka mwisho, halafu rudisha nywele moja. Kinachozunguka kinataka kupumua."

Lori letu likaanza kuvuta kushoto. Mwanzoni kidogo, kama mtu anayetembea akiongea. Baadaye ukiliambia liende mbele, linakwenda kwa mama muuza vitumbua. Siku lilipoingia kwenye karai la unga wake, alilirudisha nyumbani mwenyewe, limepakaa weupe mpaka kwenye honi.

"Mama Gerald, dereva wenu amelewa," alisema.

Mama alicheka, lakini akakata shauri. Sikukuu ya mavuno ilikuwa Jumapili. Usharika wetu ulikuwa na watu wenye mashamba na watu wa mjini pamoja. Wenye mashamba walileta mahindi, ndizi, kuku, mayai. Baada ya ibada vinapigwa mnada nje ya kanisa, kila mtu ananunua alichopenda. Mama akasema shamba lake ni robota, na limbuko la robota ni lile lori. Tulilia. Hakugeuka. Baba akaongeza:

"Likitolewa, litolewe zima. Mungu hapewi kilema. Atakayelinyoosha kabla ya Jumapili, likizo hii anaingia gereji na mimi."

Alisema "atakayelinyoosha." Hakusema "Gerald." Niliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia jina lake linaitwa kwenye orodha. Lori lenyewe liende tu. Mimi nilitaka geti.

Gerald alianza Alhamisi. Alitafuta kila skrubu iliyokuwa chini ya lori akaikaza mpaka ikalia. Matairi ya mbele yakagoma kugeuka kabisa. Akalegeza zote. Sasa yakacheza yote mawili, kama meno ya babu. Ijumaa akazikaza kiasi, kisha akaja na gundi, ile ya tyubu ndogo inayoshika vidole. Akaimwaga kwenye kifimbo kinachounganisha matairi mawili ya mbele. Kikakauka, lori likawa linazunguka mduara mmoja uani, kushoto, kushoto, kushoto, mpaka betri ikaisha.

"Limeharibika kiwandani," akasema, akaenda kucheza gololi.

Jumamosi mchana mama alikuwa sokoni, baba gereji, Gerald mazoezi ya kwaya. Nilipaswa kuchambua mchele. Nikaliteremsha lori kutoka kabatini, nikachukua kopo la mafuta ya kula, nikaliegesha juu yake ili matairi ya mbele yaning'inie hewani, kama nilivyoona kwenye tundu la geti. Nikashika tairi la kulia kwa vidole viwili, nikatikisa. Kimya. Nikashika la kushoto. Ka-ka, ka-ka. Basi ugonjwa ulikuwa kushoto, na Gerald alikuwa ametibu mwili mzima.

Niliikwangua gundi kwa pini na wembe, polepole, ikatoka kama magamba. Nikafungua skrubu nne za kifuniko, nikazipanga kwenye sinia ya mchele kwa mpangilio wake. Kile kifimbo kilikuwa na tundu kila mwisho, na kila tundu limevaa kijiti cha tairi lake. Tundu la kulia lilikuwa duara. La kushoto lilikuwa limelika, limekuwa kama yai. Kijiti kilikuwa kinaogelea humo. Hata ukikaza skrubu zote za Arusha, kijiti kinachoogelea hakitanyooka. Kilihitaji bushi, ile pete inayowekwa kwenye nafasi iliyolika ili chuma kisicheze.

Pete nitaitoa wapi? Kwenye mfuko wa koti la baba la kanisani kulikuwa na peni yake nyekundu. Yeye ndiye aliyeandika vitu vya mnada, na aliviandika kwa wino mwekundu tu. Nikatoa mrija wa wino, nikakata kwa wembe kipande chembamba kuliko punje ya mchele. Wino ukaniruka vidoleni mpaka kwenye kucha. Lakini pete ile ilikaa kwenye kijiti kama imezaliwa nacho. Nikarudisha kifimbo, nikakaza mpaka mwisho, nikarudisha nywele moja. Nikatikisa. Kimya. Nikaliweka barazani kwenye ufa wa saruji ulionyooka, nikabonyeza. Likaufuata ufa ule mpaka ukutani.

Nililia kidogo. Halafu nikaona peni haiandiki tena, na wino wa vidoleni hautoki kwa maji, hautoki kwa majivu, hautoki kwa mchanga.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtoto wa nyumba ile tu. Kwetu kugusa vitu vya baba vya kanisani ilikuwa fimbo, hakuna mjadala. Nikasema moyoni: nikikiri lori, nimekiri peni. Nikalirudisha juu ya kabati na kitambaa chake. Gerald aliporudi akalijaribu, likanyooka. Akalitazama, akanitazama. Jioni baba akauliza nani amelinyoosha.

"Mimi," akasema Gerald. "Gundi imekubali."

Baba akauliza peni yake iko wapi. Nikaficha mikono nyuma.

Jumapili nilivaa sweta lenye mikono mirefu na mikono hiyo nikaivuta mpaka ikafunika vidole. Mzee wa mnada alikuwa na maneno: "Jogoo huyu hajawahi kukosa ibada ya kwanza!" Lilipofika lori, Gerald akaitwa aliendeshe kwenye saruji ya mbele ya kanisa. Likaenda kama rula, kati ya miguu ya watu, mpaka kwenye madebe ya mahindi. Mfugaji mmoja aliyeteremka kutoka Oldonyo Sambu na kondoo wake akapiga makofi, akamwita Gerald kijana kwa Kimaasai: "Ero! Hili halijui kona!" Watu wakapandishiana bei. Baba akawashinda wote, akanunua limbuko la mke wake mwenyewe. Akamshika Gerald bega.

"Huyu ndiye fundi wangu," akasema.

Kisha akanitazama. Akatazama mikono ya sweta. Akageuka.

Gerald aliingia getini Jumatatu. Wiki ya pili alikuwa anajificha chooni asishike grisi. Leo yuko ofisini kwenye kiyoyozi, anapeleka gari gereji hata taa ikiungua. Mimi nilipomaliza kidato cha nne niliomba kwenda ufundi. Baba akasema gereji ina lugha chafu. Sasa nasimama kaunta ya duka la vipuri vya pikipiki, nawauzia vijana bushi. Wananiuliza, "Dada, yuko fundi anielekeze?"

Turudi kwenye Krismasi. Binti yangu Nuru, ana miaka saba, alikuwa na lori lake la rimoti, jipya, na lilikuwa limeanza kuvuta. Gerald akanyoosha mkono: "Lete mjomba akutengenezee, kama nilivyolitengeneza lile letu." Ndipo akasimulia, na makofi yakapigwa. Nadhani sasa anaamini kabisa.

Niliweka sahani jikoni. Nikaenda kabatini kwa mama, nikaliteremsha lile la bluu na kitambaa chake, nikaomba bisibisi. Skrubu nne. Nikaliweka mbele ya baba, tumbo juu. Pete ilikuwa pale pale, nyekundu, kwenye kijiti cha kushoto.

Gerald aliinama akatazama. "Hiyo nini?"

"Gundi yako, kaka," nikasema.

Baba alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nililifungua Jumapili ile ile," akasema. "Nilitaka kuona gundi imeshikaje."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema nini, Manka? Nimesema mbele ya kanisa huyu ndiye fundi wangu. Na wewe ningekupeleka wapi, kati ya wanaume wale?"

Hakuomba radhi. Sikumwomba aombe. Mama akasema chai inapoa.

Watoto wa siku hizi nawaonea huruma na wananichekesha. Gari likivuta upande wanatazama video ya mtoto wa nchi nyingine anayefungua gari jipya. Hawajui kuanika betri. Hawajui kwamba kitu kilicholegea kina mahali kilipoanzia kulegea. Enzi zetu kilichoharibika kilitengenezwa, na hilo nalikumbuka kwa upendo, hata harufu ya robota naililia. Ila fundi ni nani, hilo tuliamua kabla ya kutazama mikono.

Gerald alikuwa bado amekaa na lori la Nuru mapajani. Nikalichukua, nikaliegesha juu ya kopo la siagi, nikampa mwanangu bisibisi. "Tikisa kabla hujafungua," nikamwambia. Akatikisa tairi moja, akatikisa la pili, akasema, "Mama, ni hili." Baba akapapasa mfuko wa shati. Akatoa peni, akaiweka mezani mbele ya Nuru, bila kunitazama.

Nuru aliuvuta mrija kwa nguvu mno. Wino mwekundu ukaruka mpaka kwenye kitambaa cheupe cha bibi yake.

"Mae! Nani amefanya hivi?" mama akapiga kelele akitoka jikoni.

Nuru akainua mikono yote miwili juu.

"Mimi, bibi!"