Amina ya Shangazi Alima

Atumane Carimo alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake, suti mbili na kanzu moja, na bado hakuwa ametulia. Kesho yake alitakiwa Maputo akaapishwe kuwa naibu waziri. Mji mzima ulikuwa umempongeza isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemlea: Shangazi Alima. Huku kwetu kaskazini mtu haendi safari kubwa bila radhi ya aliyemlea. Akienda hivyo hivyo, baya lolote likimpata hana wa kumlaumu.

Hakuzaliwa mkubwa. Alifundisha shule ya kijiji cha Pundanhar, bara, miaka sita, akila vumbi la barabara ile mbovu; akawa karani wa manispaa, halafu meya, tena meya mzuri, tusimnyime haki yake, wa kushika jembe na kuzibua mitaro mwenyewe. Kisha gesi ikaonekana baharini. Wageni wakaja na ramani zao, na ardhi ya kijiji cha Shangazi ikatakiwa, na makaburi yake, alikozikwa babake Atumane.

Mkutano ukaitwa. Wanakijiji walisema mpaka makoo yakakauka: minazi chukueni, makaburi hapana. Mwishoni, kama mikutano yote inavyofungwa, imamu akaomba Fatiha isomwe, watu wakainua mikono na kuitikia amina. Clésio, karani aliyeletwa kutoka kusini, hakuijua desturi hiyo. Akaandika kwamba watu wote wamekubali na wameubariki mpango kwa dua. Atumane aliusoma muhtasari ule mara mbili. Alijua fika kwamba si kweli. Akawatazama wageni, wageni wakatazama saa zao, akatia saini. Basi jina lake likafika Maputo kuwa ni meya anayeelewana na watu wake, na cheo kikafuata.

Alasiri alimkuta Shangazi barazani akibangua korosho. Akamwamkia, akakaa chini mkekani na suruali yake ya suti, akaanza kueleza habari za barabara na hospitali zitakazokuja. Maneno yalimtoka mengi kuliko alivyotaka. Shangazi alimwacha amalize.

"Nimekuja kuomba radhi yako, Shangazi."

"Na babako umemwambia anahamia wapi?"

Atumane alisema serikali itatenga mahali pazuri, penye uzio. Aliona aibu kuyasikia maneno yake mwenyewe. Shangazi alinawa mikono taratibu, akaiinua, akasoma Fatiha yote bila kuharakisha. Atumane akaitikia amina kwa nguvu mpaka jirani akachungulia. Kwa mara ya kwanza wiki ile alipumua. Akainama aubusu mkono wa shangazi yake, naye akauondoa.

"Haya, mwanangu," akasema Shangazi, akirudia korosho zake. "Kaandike kwamba nimekubali."

Gari lilikuwa linamngoja nje. Atumane alibaki ameinama, hajui amepewa radhi au amenyimwa, na hakuthubutu kuuliza.