Mkalimani Aliyetazama Mikono

Mkalimani wa baraza la Muleba hakumtazama mzungu usoni, alimtazama mikono. Mzungu huyo, afisa tuliyemwita Bwana Shauri, alikuwa na Kiingereza chake kimoja, "put up", na alikitumia kwa kujenga banda, kumlaza mgeni, kupiga mnada, hata kuvumilia kero. Mkalimani alikuwa akitafuna kahawa yake kavu taratibu, akingoja kiganja kiinuke kimwonyeshe ni maana ipi, ndipo atoe Kihaya kwa sauti nzito, kama anayetoa hukumu yake mwenyewe.

Siku ya shauri la Kokwijuka, mjane ambaye shemeji zake walitaka kibanja chake cha migomba kiuzwe, Bwana Shauri alitamka lile lile, kiko cha tumbaku mdomoni, mikono mfukoni. Mkalimani akamsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna, na kwetu kahawa haipokelewi kwa mkono mmoja. Bwana Shauri akaitoa yote miwili.

"Sasa sema tena, Bwana."

Akasema, na viganja vyake vikashuka kuwaelekea wale shemeji waliosimama, kama anayewakalisha.

"Mama, nenda kapalilie migomba yako," mkalimani akamwambia mjane. Akawageukia shemeji. "Nyinyi mtamvumilia."