Mama Laura wa Bariere ya Mvua

Mi nauza mandazi pale kwa bariere ya mvua, ule muti unaofunga barabara mvua ikinyesha, upande wa Lusangi, kwenye barabara ya kutoka Kabambare kwenda Kasongo. Kwa hiyo mutu asinifundishe habari za ile barabara. Nasikia huko kwa ofisi wanasema Mama Laura aondolewe, eti ana roho ngumu, eti funguo ya bariere ilimulewesha. Wale wanaosema hivyo waje kwanza wanunue mandazi, wakae kwa benchi yangu, mvua iwanyeshee kidogo. Kisha wafungue midomo.

Jina lake hasa ni Mado. Lakini kwetu mwanamuke akisha kuzaa, jina lake linawekwa pembeni, anaitwa kwa mutoto wake wa kwanza mpaka kufa. Laura alikufa, jina likabaki juu ya mama yake. Asubuhi na jioni, madereva, watu wa baiskeli, na mi mwenyewe Arlette: Mama Laura, umeamukaje? Mama Laura, maji iko? Na yeye anaitika vizuri tu, kila mara. Mi sijui anawezaje.

Laura alifia pale chini ya telemuko, unapaona ukisimama kwenye bariere. Wakati ule barabara ilikuwa barabara ya jina tu. Uchungu wa kuzaa ulimushika, wakamupandisha kamyo ya muzigo wamupeleke Kasongo, kamyo ikazama kwenye udongo mwekundu mpaka milango. Wanaume walisukuma siku nzima. Mama yake alikaa kwenye matope, kichwa cha Laura kwenye magoti, anamupepea na kipande cha karatoni, na jua lilipoanza kushuka Laura akakata roho, na mimba yake ndani. Kasongo haikuwa mbali! Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Tangu siku ile telemuko ile tunaiita Kwa Laura.

Baadaye wakubwa wakaamuka. Kasongo walikuwa wanajenga soko jipya lenye paa, wanasimamisha taa za jua kwenye barabara kubwa, wanachimba mifereji, na soko bila chakula ni nyumba ya popo tu. Chakula kinatoka kwetu: muchele, karanga, unga wa muhogo. Basi mashine ya kukwangua barabara ikaja, wakaweka mabomba ya saruji chini ya telemuko ili maji yapite, wakajaza udongo juu. Wakatafuta watu wa kutunza barabara kwa jembe, wale tunaowaita kantonye. Wanaume walicheka. Mado akawa wa kwanza kufika, na jembe lake mwenyewe la shambani. Bwana yake Bruno, mutu wa kuchimba dhahabu, akamukatalia: "Tafuta pahali pengine. Pale patakuua." Akamujibu, "Pale pale ndipo nataka." Wakamupa kazi, na kisha wakamupa funguo ya bariere.

Sheria ya bariere ni fupi. Mvua ikinyesha, muti unashushwa na kufungwa kufuli. Mutu wa miguu anapita, baiskeli inapita, pikipiki inapita, gari dogo linafunguliwa, linapita. Kamyo inangoja udongo ukauke. Kwa sababu kamyo moja yenye muzigo inachimba kwa saa moja mashimo ambayo sisi tutayajaza mwezi muzima, na ikizama, hakuna mutu mwingine anayepita. Mama Laura hapimi kwa saa. Anavua viatu, anashuka telemuko, anakandamiza kisigino kwenye udongo, anangoja. Maji yakipanda ndani ya alama ya kisigino, anatikisa kichwa, anarudi. Madereva wanamutukana, yeye anafagia.

Na uwongo! Mungu wangu, madereva na uwongo. Kila mutu ana mugonjwa. Ukiwasikiliza, utafikiri Kabambare nzima inakufa. Muongo kuliko wote alikuwa Djamali, kijana wa kamyo ya bluu, mwenye mudomo mutamu. Siku moja alimulaza muke wake Esther-Divine juu ya magunia, tumbo kubwa hivi, anagumia, analia, mpaka mi nikashika kichwa. Mama Laura akapanda kuangalia, kwa sababu anapanda kila mara, hata akijua ni mchezo. Akagusa tumbo. Akafungua kikwembe, ile nguo Esther-Divine aliyojifunga. Unga wa muhogo ukamwagika juu ya magunia, mufuko muzima! Tulicheka mpaka machozi, Djamali mwenyewe akicheka, na Esther-Divine akajifunika uso kwa haya, maana mimba kidogo alikuwa nayo kweli, ila haikuwa ile ya unga. Tangu hapo Djamali akipita, mi namuuliza habari za mutoto wake Unga.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya hasira. Ilipokatika, ile kamyo ya bluu ikatokea, imejaa muchele, watu wamekaa juu. Djamali akaruka chini kabla haijasimama vizuri.

"Mama Laura, fungula! Esther-Divine anazaa!"

Mi huyo, na mudomo wangu: "Leo ni unga wa muhogo ama wa mahindi?" Watu wote wa benchi wakaangua kicheko.

Mama Laura hakucheka. Alifunga kikwembe vizuri, akapanda. Tulimuona anapiga magoti kule juu ya magunia. Akakaa muda. Aliposhuka, mikono yake ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, mi nikarudisha mandazi kwenye beseni.

"Ni kweli," akasema. "Mutoto amekaa vibaya. Na damu haisimami."

"Basi fungula!" Djamali akalia. "Fungula, mama!"

"Hapana."

Nikafikiri nimesikia vibaya. Watu wa juu ya kamyo wakaanza kupiga kelele, wengine wanashuka. Mama Laura akamushika Djamali mukono, akamuonyesha telemuko. "Angalia pale chini. Udongo ni uji. Kamyo yako itazama pale, na muke wako atakufia pale. Mi najua vile inakwenda. Najua mpaka saa ya mwisho."

Djamali hakusikia. Mutu wa namna ile anasikia nini? Alikimbilia chini ya kiti chake, akachomoa chuma cha kufungulia magurudumu, akakiinua juu ya kichwa cha mama yule. "Toa funguo ama nakupasua!"

"Nipasue. Kamyo haitapita."

Alisimama tu, mikono ile ya damu imening'inia. Niliogopa, nasema wazi, nilijificha nyuma ya beseni langu. Djamali akakishusha chuma kwenye kufuli, kaa! kaa! kaa! Kufuli ni ile ya serikali, nzito, haikuachia. Kutoka juu ya magunia tukasikia Esther-Divine anamuita mama yake.

Chadrack wa pikipiki alikuwepo, akasema yuko tayari kumubeba. Lakini utamukalishaje mutu anayezimia kwenye pikipiki? Mama Laura akapiga kelele wakate miti, watengeneze kipoyi, kitanda cha kubebea mugonjwa, wanaume wapokezane mabegani mpaka Kasongo. Wakaenda na mapanga. Mi nilipiga hesabu kichwani: na kipoyi, kwa miguu, kwenye utelezi ule, wangeingia Kasongo usiku. Na damu ile haingengoja usiku. Mama Laura alijua vilevile, nilimuona uso wake. Lakini aliendelea kufunga kamba.

Hapo ndipo jipu ikafika.

Jipu nyeupe, kutoka Kabambare, na ndani mukubwa mumoja wa kazi za serikali. Jina lake sitalisema, ninyi mutanifanya nifungwe. Alikuwa anawahi sherehe ya kufungua soko jipya. Dereva akapiga honi. Jipu ni gari dogo, inapita kwa haki yake, hata mvua ikinyesha. Mama Laura akaja mbele na funguo mukononi.

"Shikamoo, bwana mukubwa. Nitafungula sasa hivi. Lakini utamubeba mama mumoja, anakufa."

Mukubwa akachungulia kamyo, akachungulia saa. "Mama, hii si gari ya hospitali. Na unaona imejaa." Ni kweli, nyuma ilijaa kreti za soda na maboksi ya vikwembe vya sherehe, vyenye picha ya soko.

"Vitu vinashuka, bwana. Sisi tutavilinda."

"Fungua bariere."

Mama Laura akaingiza funguo kifuani, ndani ya blauzi, akageuka, akakaa juu ya muti wa bariere. Hakukaa kwa kiburi. Alikaa kama mutu aliyechoka.

"Unajua mi ni nani?" Sasa mukubwa alikuwa ameshuka, viatu vyake vizuri ndani ya matope.

"Nakujua sana. Ni wewe ulikuja kutugawia majembe. Ulisimama pale, kwa benchi ya Arlette, ukasema barabara hii si ya magari, ni ya mwanamuke anayezaa, ili asife tena njiani. Mi nilipiga mikono mpaka ikauma. Wewe hukunijua, lakini nilifikiri unamusema mutoto wangu."

Hasira ikamushika mukubwa, maana watu wote walikuwa wanamuangalia. "Kesho utatafuta kazi ingine!"

"Kesho, ndiyo. Leo funguo iko na mi."

Ee, hapo roho yangu ikakataa kujificha. Mi sikungoja mutu aseme ndiyo. Nilikwenda nyuma ya jipu, nikavuta kreti ya kwanza, nikaitua chini, soda zikagongana. Nikavuta ya pili. "Munangoja mualiko?" nikawafokea wanaume. Wakaja wote. Dereva wa jipu, kijana mupole, akashuka na kulaza viti bila kumuangalia mukubwa wake usoni. Wakamushusha Esther-Divine kwenye kile kipoyi ambacho hakijakwisha kufungwa, mweupe wa midomo, macho yamegeuka. Mama Laura akavua kikwembe chake cha juu, akakitandika ndani ya gari. Alipomulaza, yule musichana akamushika shingo, akasema neno ambalo sikulisikia. Sasa nafikiri lilikuwa samahani.

Mukubwa akaingia mbele. Kufuli ikafunguka, muti ukapanda.

Jipu ikashuka Kwa Laura. Tulisimama wote ukingoni. Katikati ya telemuko ikateleza, matako yakaenda upande, ikasimama. Magurudumu yakazunguka bure, matope yanaruka. Djamali akaanguka chini na kilio. Wanaume wakakimbia kusukuma. Mama Laura peke yake hakusogea, ameushika ule muti wa bariere kwa mikono miwili, macho amefumba. Mi nikaomba kwa Bikira Maria, na jirani yangu Mama Asani anayeuza ndizi akaomba kwa kiislamu, kila mutu na njia yake. Injini ikalia, ikalia, kisha sauti ikabadilika. Nilipoangalia, jipu ilikuwa inapanda upande wa pili, inakwenda. Chadrack akawasha pikipiki, akawafuata ili atuletee habari.

Kisha kazi ikawa kungoja, na kazi ya kungoja hakuna mutu anayeiweza. Djamali alikaa chini ya kamyo yake, uso ndani ya magoti. Mama Laura akamupelekea maji. Hakumusemesha habari ya chuma. Baadaye akachukua jembe, akashuka kujaza alama za jipu, anapiga udongo kwa mugongo wa jembe, tap, tap, pale pale ambapo mutoto wake alikufia. Jua likatoka. Akavua viatu, akakandamiza kisigino. Pakabaki pakavu. Akapanda, akafungua, akamuambia Djamali, "Pita sasa. Polepole." Kamyo ya bluu ikapita vizuri. Haikuzama hata kidole.

Jioni haijafika, tukasikia pikipiki. Chadrack alikuwa anapiga kelele toka mbali.

"Musichana! Amezaa musichana! Wamemupasua, lakini wote wawili wazima!"

Nikapiga vigelegele mpaka mbuzi zikakimbia. Nikarukaruka, nikagawa mandazi bure, mi Arlette, bure! Watu walicheka, walikumbatiana. Mama Laura alikuwa amesimama na jembe lake. Hakuuliza mutoto anafanana na nani. Hakuuliza mukubwa alisema nini juu ya kazi.

"Chadrack," akasema, "kutoka hapa mpaka kwa mulango wa maternite ya hospitali, jipu ilikawia kiasi gani?"

"Ayi, haikukawia kabisa! Barabara iko laini sasa. Wakati wa kusonga bukari na kula, basi."

"Wakati wa bukari."

"Bukari tu, Mama Laura."

Akaweka jembe chini. Akaangalia telemuko, akaangalia upande wa Kasongo, kama mutu anayepima kitu. Kisha akakaa pale pale katikati ya barabara ambayo yeye mwenyewe anaifagia.

"Basi na wangu angefika," akasema.

Akalia. Miaka hii yote sijapata kumuona analia, hata siku ya maziko hakulia, watu walimusema kwa hiyo. Niliacha beseni langu, nikakaa karibu yake kwenye udongo, nikamushika bega.

"Mama Laura," nikamuita. "Mama Laura."

Siku ile hakuitika.