Moshi wa Ng'ambo

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, karibu na Golbanti, nikakuta mto haupo. Usinicheke, rafiki yangu. Tana una tabia hiyo ya kuhama, ukichoka na mahali unajikatia njia nyingine, na pale tulipokuwa tukichota maji sasa pana mchanga na mbuzi wa watu. Nilisimama kwenye ukingo wa zamani, mtu mzima mwenye wajukuu, nikatazama ng'ambo kwa wasiwasi uleule wa utotoni. Wasiwasi na mimi tumekua pamoja. Mpaka leo mvua ikinyesha nachungulia mlangoni nione maji yamefika wapi.

Miaka ile ya hamsini, Uhuru bado, shamba letu la mpunga lilikuwa upande wa pili wa mto. Baba alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo nyumbani tulikuwa bibi, mama, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mama alivuka kwa mtumbwi alfajiri, na miguuni pake aliweka kipande cha chungu chenye makaa ya moto. Akifika ng'ambo, kabla hajashika kisu cha kukatia mpunga, aliwasha kuni. Moshi ukionekana bibi alisema, "Haya, amefika," na hapo ndipo siku yetu ilipoanza. Mimi nilifagia na kutwanga, bibi aligeuza kambare waliokuwa wakikauka juu ya moto, ndizi zikachemka, mtoto akatambaa akila mchanga. Siku za namna hiyo hakuna aliyezisifu. Tulizipita tu.

Mwaka mmoja maji yalikuja mapema, mpunga haujakomaa. Bibi alikuwa amechomeka kijiti ukingoni ili apime mto unavyopanda, na asubuhi tulikuta kimeshamezwa. Mto ulikuwa mwekundu, unabeba magogo. Mama akasema atavuka akaokoe anachoweza, maana shamba likizama hatuna chakula. Bibi alimkataza kwa mdomo huku mikono yake ikimtilia makaa chunguni. Tukamwona akisukuma pondo, maji yakamvuta kufuata mkondo mpaka kwenye kona, tusimwone tena.

Tukangoja moshi, lakini haukupanda. Bibi akanituma kutwanga, nikatwanga nikiwa nimegeuza shingo kuelekea mtoni, mpaka akaninyang'anya mchi kwa kuogopa nitajivunja vidole. Mtoto alilia akitaka kunyonya, akakataa uji wa ndizi, akautema kifuani mwa bibi. Jua likapita utosini. Ndizi zilichemka zikavurugika na hakuna aliyeziepua. Niliogopa kuuliza, maana niliona bibi naye anaogopa kujibu.

Alasiri moshi ulionekana. Nikaruka, nikapiga kelele kwamba mama amefika. Bibi akakinga macho kwa kiganja, akautazama kwa muda.

"Huo si wetu, mjukuu wangu," akasema. "Wetu ni wa kuni, hupanda juu. Huo unatambaa chini. Ni mavi ya ng'ombe hayo, Waorma wanafukuza mbu."

Akaketi chini, mikono mitupu mapajani. Sikuwahi kumwona bibi ameketi mchana bila kazi mkononi, na hilo lilinitisha kuliko mto wenyewe.

Jua lilikuwa halijazama mtumbwi ulipochomoza, mama amesimama, amelowa mpaka kichwani, na miguuni pake rundo la masuke mabichi. Alishangaa kutukuta sote ukingoni.

"Kwani hamkuona moshi?" akauliza.

Bibi akasema tumeuona wa Waorma. Mama akacheka mpaka akashika kiuno. Kumbe maji yalikuwa yameingia mtumbwini, makaa yakazimika, na kuni zote kule zilikuwa chepechepe. Mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akihamisha ng'ombe wao kwenda nchi kavu alimwona anahangaika, akamletea moto na mavi makavu. Akamwambia, "Washa hii, mama. Watoto yako iko ngoja." Tena akampa kibuyu cha maziwa.

Bibi alimweka mtoto kifuani mwa mama, akaenda jikoni, na nilisikia akipenga kamasi huko.

Jioni ile tulikula pepeta. Masuke mabichi yale bibi aliyakaanga chunguni, tukayatwanga yangali moto, tukapepeta, na harufu yake ikajaa nyumba nzima. Tulichanganya na maziwa ya yule mama. Goti langu nililibana kwenye goti la mama, nikakataa kusogea hata aliponisukuma. Kambare, kelele za mtoto, bibi akitaniwa, vyote vilikuwa vya jana na juzi, lakini nilivifurahia kwa mara ya kwanza nikijua ninafurahi.

Bibi hayupo sasa, wala mama, na mto wenyewe umekwenda zake. Wajukuu wangu wakisafiri hunipigia simu kusema wamefika, na mimi huwasumbua wasipopiga. Lakini siku ile mwezi uliopita, nikiwa nimesimama pale penye mchanga, mtu fulani ng'ambo alichoma takataka za shamba, moshi ukapanda. Kifua changu kikalegea chote. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kumwambia bibi.