Kiburi cha Sitta

Juzi mwalimu wa mjukuu wangu alituambia kwamba utukutu wa watoto huanzia nyumbani, nikapandwa na hasira. Nilimkumbuka Sitta, niliyekaa naye benchi moja shuleni Pasiansi, kando ya ziwa, sikio lake likinuka usaha.

Alasiri moja mwalimu wetu alimwita, naye akaendelea kutazama ziwa. Fimbo zikaanza kulia. Mama yake, aliyekuwa akilima jirani, alikuja mbio.

"Shikamoo, mwalimu. Mtoto hasikii, sikio limeoza."

"Kiburi hiki amekinyonya kwako!"

Niliamini kiburi kilikuwa ndani ya maziwa, nikamwogopa yule mama. Sasa najua kilikuwa kwa mtu mzima aliyeambiwa mtoto ni mgonjwa, akaendelea kuchapa. Sitta hakurudi shuleni tena. Mwalimu akatuambia ni mtoro.