Fundi wa Ng'ambo ya Barabara

Kompyuta ya kupimia magari ninayo mimi. Wateja anao fundi wa ng'ambo ya barabara. Injini ikimisi, silinda moja ikigoma kuwaka, anaiacha inaunguruma, anainamisha kichwa kama anayenong'onezwa, kisha anachomoa soketi za koili zinazozipa plagi umeme, moja moja. Akichomoa moja na mlio usibadilike, anaguna, “Mvivu ndiye huyu.” Koili hiyo anaihamishia silinda ya jirani, ugonjwa ukihama nayo, unanunua koili moja tu. Mikono yake haina haraka, na hilo linaniudhi kuliko tusi. Jana nimemkuta mama yangu mzazi gereji kwake.

“Mama, kwani mimi si fundi?”

“Ni fundi, mwanangu. Ila wewe ungenibadilishia koili zote nne,” akajibu, huku akimmulikia yule fundi tochi.